Siku Ile Tuliyongoja Mwisho wa Dunia

Baba yangu mpendwa,

Siku tulipokuzika, wasifu wako ulisomwa na baba mdogo. Alisoma vizuri, kwa sauti ambayo hata wewe ungeipenda. Akasema ulizaliwa hapo hapo kijijini Itaka, ukasoma mpaka darasa la saba, ukamwoa Mama, mkajaliwa watoto wawili, Lameki na mimi, na kwamba ulikuwa mkulima hodari wa kahawa na mzee wa kanisa. Kisha akafika mahali fulani kwenye karatasi, akameza mate, akageuza ukurasa. Waliojua wakatazama chini. Mama, niliyekuwa nimekaa naye mkekani, akaninong'oneza, "Wameuruka ule mwaka. Wangeusoma tu. Na wenyewe ni wake."

Maneno hayo yamenikaa hadi leo, mwaka wa tatu sasa. Juma lililopita hapa Tunduma dereva mmoja wa lori, aliyekuja ofisini kufuatilia hati zake za forodha, alitusomea ujumbe kwenye simu kwamba dunia inaisha mwezi ujao. Wenzangu wakacheka. Mimi nilikuwa nagonga mihuri, nikakukumbuka wewe na koti lako la kahawia, nikajikuta natabasamu. Ndiyo sababu nimeamua kukuandikia, tena wazi wazi, ili na wale wanaoijua habari hii nusu nusu wapate kuisoma yote. Nadhani usingekataa. Miaka yako ya mwisho ulikuwa ukiisimulia mwenyewe bila kuulizwa.

Nianze na Lameki, maana bila yeye mwaka ule hauelezeki. Kaka yangu alichoka kahawa akiwa na miaka ishirini na miwili. Akakwambia anakwenda Galula, rafiki zake wanachimba dhahabu kule. Ukamwambia mtu mwenye shamba haendi kufukua mashimo ya watu. Mkabishana siku mbili. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na begi lake, akasema, "Baba, kwaheri." Ulikuwa unanoa panga. Uliendelea kunoa. Miezi minne baadaye tuliletewa mwili wake. Pikipiki aliyopanda ilianguka kwenye korongo akiwa njiani kurudi nyumbani kutusalimia.

Hukulia mbele ya watu. Ulifanya kazi tu, kuanzia alfajiri mpaka giza, na kila aliyekuja kukupa pole ulimwitikia kwa adabu ukarudi shambani. Watu wakaanza kusita kukuita Baba Lameki. Ni Mama na jirani yetu Baba Ezekia tu ambao hawakuacha.

Mwaka uliofuata, mimi nikiwa kidato cha tatu na kahawa ikiwa imeanza kuiva, akaja yule mhubiri. Alitoka mbali, hakuna aliyejua hasa ni wapi, akafunga turubai kwenye kiwanja nje ya kijiji. Alikuwa na sauti laini. Hakuwafokea watu. Alisema mwisho wa vitu vyote umekaribia na yeye amepewa siku yake, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, kabla jua halijazama. Nyota zitaanguka kama matunda yaliyoiva. Akasema kimondo kile kikubwa tunachoringia kwetu Mbozi ni jiwe la kwanza tu, mengine yako njiani. Na makaburi yatafunguka.

Ulikwenda mara ya kwanza kusikiliza tu. Mara ya pili ulikaa mbele. Baada ya mwezi ulikuwa unakwenda kila siku, na kahawa ikaanza kukaukia mitini. Mama alichuma alichoweza, nami nikamsaidia nikitoka shule. Kisha ukawakabidhi maksai wako wawili kwa Baba Ezekia, bure. "Wa nini tena?" ulimwambia. "Nani atalima?" Baba Ezekia akakutazama kitambo, akapokea kamba.

Jioni hiyo uliniita. Siku zote uliniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yako, na siku hiyo uliniita hivyo kwa upole mkubwa. "Mama," ulisema, "shule basi. Zimebaki wiki sita. Kaa nyumbani tuombe pamoja."

Nilikwenda jikoni nikalia kwenye moshi ili ionekane ni moshi. Nilikuwa napenda shule, Baba. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametuchorea ubaoni jinsi nyota zinavyozaliwa na kufa, na wakati wewe unasubiri zianguke, mimi nilikuwa nasubiri kipindi chake cha Alhamisi. Mama akanikuta pale. Hakuwahi kubishana nawe mbele yangu, na hakubishana siku hiyo. Alinipa daftari langu, akasema, "Kesho pitia nyuma, kwenye mibuni. Nenda shule. Dunia ikiisha itakukuta huko huko."

Kwa hiyo wiki zote hizo nilikuwa nasoma kwa kuibia. Nilikwenda shule kwa kupita kwenye kahawa iliyokauka, na moyoni nilikukasirikia. Nilikuona mtu mjinga. Nakuandikia hili kwa sababu nilikuomba radhi ulipokuwa hai na ulinisamehe, lakini sikuwahi kukwambia neno lenyewe nililolifikiri. Ni hilo.

Jumamosi ikafika. Ulinyoa ndevu, ukavaa koti la kahawia na viatu ulivyovipaka rangi tangu jana yake. Mkononi ulikuwa na mfuko, na ndani nikaona shati la Lameki, lile la mistari ya bluu, limepigwa pasi na kukunjwa. Nikafikiri umechanganyikiwa kabisa. Ukamwambia Mama ajiandae twende sote.

Mama akasema, "Mimi nina maharage ya kupalilia bustanini, Baba Lameki."

"Leo?"

"Leo."

Ulikasirika, ukatoka. Nami nikajua mimi nimepona, nimebaki na Mama. Lakini Mama alikuja akanishika bega. "Mfuate baba yako," alisema. "Isipotokea, asirudi peke yake."

Nikakufuata mbio. Uliponiona nyuma yako ulipunguza mwendo.

Nimekwenda sehemu nyingi tangu hapo, lakini siku ndefu kama ile sijaipata tena. Tulikuwa watu kama thelathini chini ya turubai, wote katika nguo za kanisani. Walikuwapo watu wa heshima, tena wenye akili. Mama mmoja alikuja na watoto wake wadogo amewapaka mafuta usoni wakang'aa. Tuliimba. Tuliomba. Saa sita joto likawa kali, watoto wakaanza kulia njaa, na mama yao akawaambia wavumilie kidogo tu. Wewe ulikaa wima, mfuko magotini, ukitazama si juu kama wenzako bali upande wa makaburini.

Saa kumi. Saa kumi na moja. Jua likateremka kuelekea vilima, watu wakasimama. Nitakwambia kweli, Baba: wakati ule hata mimi niliogopa. Nilikushika mkono. Mkono wako ulikuwa unatetemeka, na nilidhani ni woga kama wangu.

Jua likazama pale pale linapozamia siku zote.

Mhubiri akatuambia tuendelee kuomba, pengine hesabu imepishana kidogo. Manyunyu yakaanza. Yule mama akawabeba watoto wake, mmoja mgongoni na mmoja ubavuni, akaondoka bila kuaga. Wakafuata wengine, wawili wawili, bila kutazamana. Sisi tulibaki karibu na mwisho. Ulinyanyuka, ukafuta magoti, ukasema, "Twende, mama." Ulifunika mfuko kwa koti lako ili shati lisilowe, wewe ukalowa.

Mama alikuwa amepika. Hakuuliza. Alileta maji akasema, "Nawa, Baba Lameki, chakula kinapoa." Ukanawa. Ukala tonge tatu ukaenda kulala. Baada ya siku mbili turubai halikuwapo tena, wala mwenye nalo.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko kungoja. Uliacha kupita barabarani. Ukawa unapitia kwenye mibuni, njia ile ile niliyokuwa nikipita kwa kuibia kwenda shule. Kanisani hukwenda. Vijana kilabuni walikupa jina, Mzee wa Mwisho, na ulilijua. Mvua zilikuwa zimekolea, wenzako wote mahindi yameshachomoza, na shamba letu jekundu tupu mbele ya macho ya kila mpita njia. Ulikuwa ukikaa chumbani dirisha limefungwa.

Siku ya sita Baba Ezekia akaja. Angeweza kupita nyuma, lakini alipita barabara kuu mchana kweupe, akiwaswaga wale maksai wawili na kusalimiana na kila mtu kwa sauti. Akafika uani akabisha hodi mpaka ukatoka.

"Baba Lameki, nimekurudishia ng'ombe wako," alisema. "Wamenishinda. Hawasikii sauti yangu, wamezoea yako."

Ulimtazama. Sote tulijua wale ng'ombe walikuwa wapole, hata mimi nilikuwa nawaongoza. Ukasema polepole, "Huyu mwekundu ni msumbufu kweli."

"Ni msumbufu sana," Baba Ezekia akakubali. "Bora tumfunge nira leo leo. Nimekuja na jembe."

Mkalima siku nne pamoja. Mlichelewa, na mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba, tukala viazi vingi kuliko nilivyotaka. Lakini ulikuwa umetoka nje.

Halafu ndiyo ikaja siku ninayoipenda kuliko zote tulizopata kuwa pamoja. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, tumekaa barazani watatu tunachambua kahawa kidogo iliyookolewa. Ghafla ukauliza, bila kuinua kichwa, "Kwenu huko shuleni wanasemaje? Inaisha au haiishi?"

Nikamtazama Mama. Kumbe ulijua kwamba sikuacha shule. Mama akaendelea kuchambua, ila niliona mdomo wake unazuia kicheko.

Nikakueleza nilivyofundishwa. Kwamba jua ni nyota, linawaka kwa kitu kilichomo ndani yake, na kitu hicho kitakuja kwisha. Litavimba, litaiunguza dunia, kisha litapoa. "Lini?" ukauliza haraka, na nikasikia jinsi neno hilo lilivyokutoka kwa uchungu. Nikasema miaka bilioni tano hivi. Ukasema bilioni huijui. Basi nikachukua punje moja ya kahawa nikaiweka kiganjani mwako. "Hii ni miaka elfu kumi," nilikwambia. "Tangu Yesu azaliwe hata punje hii moja haijaisha, wala nusu yake. Sasa, muda uliobaki wa jua ni magunia kama mawili ya punje kama hii."

Uliitazama punje. Ukatazama gunia letu pale ukutani, ambalo mwaka ule halikufika hata katikati. Ukatazama tena punje.

"Magunia mawili," ulisema. "Na mimi nikaogopa kupanda mahindi."

Kisha ukacheka. Baba, ulicheka mpaka ukakohoa, na Mama akacheka, nikacheka na mimi, mpaka kuku waliokuwa wamejikinga mvua barazani wakakimbia. Tangu Lameki afariki hatukuwa tumesikia kicheko chako.

Ukataka na mwanzo. Nikakwambia wanasayansi wanasema vyote vilivyopo, hizo nyota na hii mvua na sisi, mwanzoni vilikuwa pamoja vimebanana, na joto lisilosemeka. Kisha vikatawanyika na kupoa, na vinaendelea kutawanyika hata sasa tunapozungumza. Kwamba mwanzoni hapakuwa na chuma wala mifupa wala udongo, hewa nyepesi tu. Chuma kilipikwa ndani ya nyota za zamani ambazo zilikufa kabla jua letu halijazaliwa. Chuma cha kimondo, chuma cha jembe, na chuma kilichomo kwenye damu ya mtu, vyote vilitoka humo.

"Kwenye damu ya mtu," ulirudia. "Hata Lameki?"

"Hata Lameki."

"Na chuma hicho sasa kiko wapi?"

Nilikuwa na miaka kumi na saba, sikujua kama yafaa kujibu. Nikasema, "Hakijapotea, Baba. Kiko pale makaburini alipo."

Mvua ilikuwa imepungua. Ndipo ukasema maneno ambayo nilipaswa kuyajua mwenyewe, kama ningekuwa nimekutazama vizuri. "Ni habari njema," ulisema. "Ila mimi nilikuwa namtaka mwenyewe. Aliniaga, sikumwitikia. Nilisema akitoka tu pale, nimpe shati avae, nimwitikie."

Mama aliweka chini ungo wake. Akaja akakaa karibu nawe, bega kwa bega, jambo ambalo sikuwahi kuwaona mkilifanya mbele yangu. Nami nikaelewa yote kwa mara moja: kwa nini ulitazama makaburini, mkono wako ulitetemeka kwa nini, na kwa nini mtu mwenye akili kama yako alimwamini mtu yule. Hukuwa umetaka dunia iishe. Ulitaka mtoto wako arudi, na mhubiri alikuwa mtu pekee aliyekutajia tarehe.

Sijawahi kukuona mjinga tena tangu mchana huo.

Kanisani ulirudi Jumapili iliyofuata, ukaketi nyuma, na baada ya miaka miwili wakakurudishia uzee wa kanisa waliokuwa wamekuvua. Ukaanza kunitumia kama redio. Nilipopata kazi hapa Tunduma ulikuwa unapiga simu jioni, na baada ya salamu za nyumbani unauliza, "Na huko juu, kuna habari gani?" Nilikuwa natafuta kwenye simu niwe na la kukujibu. Nilikwambia wamegundua kwamba ulimwengu hautawanyiki tu, unazidi kuongeza mwendo. Wengine wanaona utatawanyika hadi nyota zote zizimike, giza na baridi. Wengine wanadhani huenda siku moja utajikunja urudi ulivyoanza. Na wengi wanasema hawajui.

"Wanasema hivyo, kwamba hawajui?" uliuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Basi hao ndio nitakaowasikiliza. Yule wetu alijua mpaka saa."

Ulipokuja kunitembelea ulikaa nje ya ofisi yetu ukitazama foleni ya malori yanayongoja kuvuka, ukajifunza kuwasalimia madereva wa Zambia, "Muli shani," na ukafurahi walipokujibu kwa Kibemba kirefu usichokielewa. Dereva mmoja alikaa nawe karibu saa nzima. Nilipotoka nikakuta unamweleza, kwa Kiswahili chako chenye lafudhi ya Kinyiha chetu, na kwa mikono, habari ya magunia mawili. Ulimwambia na habari ya turubai pia, yote, na jina lako la Mzee wa Mwisho. Alikuwa anakusikiliza kwa heshima. Nikasimama pale mlangoni sikutaka kuwakatiza.

Mwaka ule ulipougua, nilikuja nyumbani wakati wa kupanda. Tulikuwa shambani, wewe ukidondosha mbegu taratibu kwa sababu ya kifua, mimi nikifukia. Nikajipa moyo nikakuuliza jambo nililokuwa nimeliogopa miaka yote. "Baba, bado unamngoja Lameki?"

Hukusita. "Namngoja," ulisema. "Ila siku hizi namngoja huku nalima."

Ukaniambia nisogee, nimekanyaga mstari.

Basi huo ndio mwaka walioutoa kwenye wasifu wako, na ndiyo miaka iliyozaliwa humo. Mama hajambo, magoti yanamsumbua lakini hakubali kukaa. Baba Ezekia anamlimia. Mimi niko salama, nina kazi, na siku nyingi moyo wangu umetulia kuliko nilivyotegemea mtu aliyefiwa nawe angeweza kutulia. Ulimwengu, kwa habari za karibuni, unaendelea kutawanyika, na hawajajua bado utaishia wapi. Jumamosi hii nimeomba ruhusa kazini. Mvua zimeshakolea Itaka, nakwenda kupanda.

Pumzika, Baba. Kwaheri ya Lameki naamini mmeshaitikiana. Yangu usiijibu upesi, nina shughuli bado.

Ni mimi binti yako, uliyeniita mama.